Samaki wa Kiingereza hanuki kama wa Mwaloni

Mtu akipanda daladala pale Kirumba, Mwanza, akiwa ananuka samaki, hakuna anayemtilia shaka. Abiria wanasogea kidogo, basi. Wanajua katoka soko la samaki la Mwaloni, kauza au kanunua, na pengine ana hela. Ipeleke harufu hiyohiyo kwenye Kiingereza, mambo yanageuka. Jambo likiwa "fishy" lina walakini, kuna hila imefichwa, usiliamini. Maana hiyo ipo tangu karne ya 19, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye sare na madaftari yake yamenunuliwa kwa dagaa walioanikwa Igombe anaambiwa ainakili kama ilivyo, ajibu mtihani, asonge mbele. Hakuna anayemweleza kwa nini harufu inayomlisha nyumbani kwao, kwa wenzetu imekuwa alama ya udanganyifu.

Nafundisha tuisheni ya Kiingereza jioni, na wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wavuvi, wa akina mama wa dagaa, wa vibarua wa viwanda vya minofu. Msimamo wangu ni huu. Neno "fish" lifundishwe kwenye kanda hii kwa undani kuliko neno jingine lolote la Kiingereza: misemo yake, matumizi yake ya mitaani, hata yale ya kihuni. Na likishaeleweka, libaki hukohuko kwenye Kiingereza. Tusiitafsiri misemo hiyo neno kwa neno na kuileta kwenye Kiswahili chetu cha ziwani, kwa sababu haiji peke yake. Inakuja na dharau.

Dharau hiyo ina historia yake. Kabla ya reli na barafu, samaki wa baharini aliyefika kwenye miji ya Uingereza iliyo mbali na pwani mara nyingi alikuwa wa chumvi, wa moshi, au ameshaanza kuharibika. Mnunuzi alinusa kwanza ndipo akatoa hela. Hata ng'ambo ya pili ya bahari ilikuwa hivyo. Benjamin Franklin, yule Mmarekani wa majaribio ya umeme, aliweka kwenye almanaka yake ya mwaka 1736 kwamba samaki na wageni hunuka baada ya siku tatu. Nasi tuna siku tatu zetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kero ni ileile, mgeni asiyeondoka. Wa Franklin anaoza. Wa kwetu anapewa kazi, na akishika jembe anakuwa mtu wa nyumbani. Siwalaumu kwa pua zao, waliishi na samaki wa namna hiyo. Ninachosema ni kwamba maisha yao na samaki siyo maisha yetu na samaki.

Kusanya misemo yao uone. "Cold fish" ni mtu asiye na hisia, hata ukifiwa hakupi pole ya kueleweka. Anayekunywa pombe bila kupumzika "drinks like a fish", usemi wa karne ya 17. "Fish out of water" ni mkongwe zaidi, picha yake ipo kwenye Kiingereza tangu karne ya 14: mtu aliyewekwa mahali pageni akapoteza kujiamini. Kwenye magereza ya Marekani "fish" ni mfungwa mpya, yule anayeingia akishangaa na wenzake wakamwonea. Kwenye meza za poka ni mchezaji dhaifu ambaye wajanja wanamsubiri kwa hamu wamle hela zake. Jambo rahisi kupita kiasi wanalifananisha na kupiga risasi samaki ndani ya pipa. Ukiyaweka yote pamoja, samaki wa Kiingereza ni baridi, mlevi, mjinga, ananuka, na kazi yake ni kuliwa na wenye akili.

Sasa angalia anavyoishi kwetu. Sangara akifika nchi kavu, hakuna kipande kinachokosa mwenyewe. Minofu inapozwa au kugandishwa na kusafirishwa Ulaya. Bondo, yaani mfuko wa hewa wa tumboni mwake, linakaushwa, linauzwa kwa Wachina kwa bei ambayo minofu haiwezi kuifikia. Mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa, yanakaangwa na kuuzwa kwa wasiomudu samaki mzima. Wengine wanapigwa chumvi, wanakaushwa, wanaitwa kayabo, wanavuka kwenda Kongo. Na ukimwambia mama muuzaji kwamba unataka samaki, bila jina, atakuuliza samaki gani. Sato? Sangara? Ningu, hongwe, gogogo, nembe, furu, kamongo? Kwa Mwingereza wa kawaida wote hao ni "fish", mmoja "fish" na elfu "fish". Ni pale tu zinapotajwa aina nyingi kwa mpigo ndipo wanasayansi husema "fishes". Mimi huwaambia wanafunzi kwamba wingi huo wa kitaalamu unawahusu wao hasa, kwa sababu Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za furu peke yao.

Misemo yetu ya samaki nayo imetoka kazini. "Samaki mkunje angali mbichi" tunaitumia kwa malezi, lakini kambale wa kukaushwa kwa moshi hukunjwa kweli, mkia ukakutana na kichwa, kabla hajakakamaa. Aliyeutunga alikuwa akiifanya kazi hiyo au alikaa na anayeifanya. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza" unazungumzia kuoza, sikatai, ila ni maneno ya mtu mwenye tenga lake na mtaji wake ndani ya tenga. Anaogopa hasara. Hamdharau samaki. Tofauti hiyo ndiyo ninayoitafuta kila ninapokutana na tafsiri magazetini na redioni.

Misemo mingine naipitia haraka darasani kwa sababu haina la kutufundisha sana. "A different kettle of fish", jambo tofauti kabisa, lisitafsiriwe kuwa birika, maana "kettle" ya zamani ilikuwa sufuria, na ya samaki ilikuwa sufuria ndefu ya kumchemshia mzima. "Red herring" ni hoja inayoletwa ili watu waache hoja ya msingi. Umaarufu wake unahusishwa na hadithi aliyoichapisha mwandishi William Cobbett mwaka 1807, ya kuwapoteza mbwa wa kuwinda kwa harufu kali ya samaki wa moshi. Anayefuatilia mijadala ya siasa anaihitaji. Basi.

Kwenye "fry" ndipo ninapokaa. "I have bigger fish to fry" inaeleweka mapema, nina mambo mazito zaidi ya hili, na kukaanga kila mtu anakujua. Halafu inakuja "small fry", watu wadogo wasio na uzito, na nusu ya darasa wanaandika habari za mafuta na kikaango. "Fry" hii ni neno jingine kabisa, sauti tu ndiyo moja: ni vifaranga vya samaki. Wanaofuga sato kwenye vizimba ziwani wananunua vifaranga ili wapandikize, kwa hiyo mwanafunzi ambaye kaka yake anafanya kazi vizimbani tayari anakijua kitu chenyewe, amekosa jina la Kiingereza tu. Nikianzia hapo, hakuna anayekosea tena.

Kisha nawauliza kama wanakubaliana na msemo huo. Hapo darasa linachangamka, kwa sababu sisi nasi tunao wa kwetu unaofanana nao: dola inakamata dagaa, inaacha mapapa. Gazeti likiandika hivyo kila Mtanzania anaelewa. Lakini dagaa ndiye sasa anayechukua sehemu kubwa kuliko wote kwenye mavuno ya Ziwa Victoria kwa uzito. Anavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani za karabai na siku hizi nyingi za sola na betri, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika. Wanaomwanika wengi wao ni wanawake, juu ya mchanga au kwenye chanja, na mvua ikishuka ghafla mtaji wote unaloa. Maskini wanamla, kuku wanalishwa yeye, malori yanampeleka hadi Kongo. Mama aliyesomesha watoto kwa dagaa ana haki ya kukataa jina hilo litumike kwa kitu kisicho na thamani, na ninawaunga mkono wanafunzi wanaolikataa. Msemo unaweza kuwa wa Kiswahili sanifu na bado ukawakosea heshima watu wa mahali fulani.

Na papa mwenyewe hayupo ziwani. Huyo ni wa bahari, amekuja kwetu ndani ya misemo kama pweza na chaza walivyokuja, kwa sababu Kiswahili kilikulia pwani. Tulionaye ni sangara. Aliletwa ziwani upande wa Uganda miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa upande wetu na furu karibu wamekwisha, aina nyingi zisionekane tena hadi leo. Anaweza kufikia kilo 200. Waingereza wakisema "big fish" wanamaanisha kigogo, na "a big fish in a small pond" ni yule anayejiona mkubwa kwa sababu tu mahali alipo ni padogo. Sisi tumeona kwa macho jambo zito zaidi ya hilo: mkubwa aliyetoka nje, akala wenyeji, akaleta viwanda na ajira, na watu wakashindwa kuamua wamlaani au wamshukuru. Mwandishi wa Mwanza anayeandika juu ya kigogo wa namna hiyo ana jina lake tayari. Natamani siku moja nisome kichwa cha habari kinachosema sangara kakamatwa, na kisimhusu samaki.

Natamani vilevile "panki" liingie kwenye misemo. Ndugu wamegawana urithi, mmoja kabaki na deni na banda bovu: ameachiwa panki. Hakuna mtu kuanzia Nyegezi hadi Kayenze atakayehitaji kuelezwa.

Kuna matumizi mawili mapya ambayo ninayafundisha kwa uzito kuliko yote, kwa sababu yanagusa mifuko na mioyo ya watu. La kwanza ni "phishing". Linatamkwa kama "fishing", kuvua, na lilianza kusikika katikati ya miaka ya 1990 miongoni mwa wadukuzi wa intaneti. Tahajia ya "ph" waliirithi kwa wale waliowatangulia waliokuwa wakichezea mitambo ya simu. Maana yake ni kumtega mtu kwa ujumbe wa uongo ili atoe namba ya siri au hela. Kila mwenye simu Tanzania ameshaupata ujumbe ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ndiyo huo. Hapa sihitaji kutafsiri chochote, kwa sababu lugha ya wavuvi imeshajaa: chambo, ndoano, kunasa, kutega. Huwaambia wanafunzi wafikirie taa ya dagaa. Chini ya ile taa hakuna mlo uliowekwa, kuna mwanga tu, na wavu umesubiri pembeni. Ujumbe unaokupongeza kwa zawadi ya shindano ambalo hukushiriki ni taa hiyo. Mtoto aliyewahi kupanda mtumbwi usiku na baba yake anaelewa pale pale, na akirudi nyumbani anamweleza bibi yake ambaye ndiye mwenye hela za kikundi kwenye simu. Namba za matapeli zinaripotiwa kwenda 15040, na hilo naliandika ubaoni pamoja na msamiati.

La pili ni "catfish". Kamusi itakwambia kambale, na ni kweli. Ila tangu ilipotoka filamu moja ya Marekani yenye jina hilo mwaka 2010, iliyofuatilia kijana aliyependana mtandaoni na mtu asiyekuwepo, neno limepata maana nyingine: anayetumia picha za mtu mwingine na jina la uongo kuwanasa watu kimapenzi. Limekuwa nomino na kitenzi pia. Wasichana wangu wanalijua kutoka kwenye simu zao kabla sijalitaja. Kinachonisumbua ni kulisikia likigeuzwa "amenifanyia ukambale", kwa sababu kambale kwa Kiswahili ana kazi nyingine kabisa. Tunasema nyumba fulani imekuwa kama ya kambale, baba ana sharubu, mama ana sharubu, mtoto ana sharubu, tukimaanisha nyumba isiyo na mkubwa wala mdogo. Ni picha kali na sahihi. Ukimbandika kambale maana ya Marekani, unaivuruga hiyo bila kupata lolote, wakati "akaunti feki" ipo, fupi, na kila mtu anaielewa.

Msemo unaoniumiza zaidi, hata hivyo, umeshatafsiriwa zamani na umekaa. Ni ule wa kwamba ukimpa mtu samaki umemlisha siku moja, ukimfundisha kuvua umemlisha maisha yake yote. Sina ugomvi nao ukisemwa mahali pengine. Nimeusikia ukisemwa kwenye semina hapa Mwanza, mbele ya wavuvi waliotoka visiwa vya Ukerewe na Ukara kwa meli, baada ya usiku kucha wa kusubiri, na wakatakiwa wapige makofi. Msemo huo una watu wawili ndani yake: mmoja anajua, mwingine ana njaa kwa sababu hajui. Wavuvi wale walijua kuvua kabla hawajaota meno ya pili. Mzee mmoja aliomba nafasi, akasema kwa upole kwamba kuvua wanajua, wanachotaka kufahamu ni nani anayepanga bei. Wengi wao wanavua kwa nyavu na injini za mkopo wa wakala, na mwenye mkopo ndiye anayetaja kilo moja ni shilingi ngapi. Hawana barafu ya kutosha ya kuwawezesha kusubiri mnunuzi mwingine. Upepo ukibadilika usiku, wengi hawapati onyo mapema. Matatizo yote hayo yapo, na hakuna hata moja linaloitwa kutojua kuvua. Anayekuja kuzungumza na watu wa ziwani aiache sentensi hiyo nje ya ukumbi.

Na "fishy" je? Nilianza nayo, na wanafunzi wenyewe ndio walionipa jibu ninalolipenda. Mwingereza akisema "something fishy is going on", mtu wa hapa anasema hapa kuna namna. Anasema kwa sauti ya chini, kichwa kimeinama kidogo upande. Hakuna samaki aliyetukanwa, na shaka imefika ilivyokusudiwa. Tafsiri nzuri ya msemo wa samaki mara nyingi haina samaki.

Ndiyo maana huwapa kazi ya nyumbani ambayo mwanzoni wazazi waliiona ya ajabu: chukua msemo wa Kiingereza, eleza maana yake kwa mtu mzima wa nyumbani, muulize yeye angesemaje. Safari moja msemo ulikuwa "there are plenty more fish in the sea", maneno ambayo huambiwa aliyeachwa na mpenzi, kwamba wapo wengine wengi. Binti mmoja anayekaa Kayenze alirudi na habari kwamba bibi yake aliukataa msemo wenyewe. Bibi alisema samaki si wengi. Ziwa la ujana wake silo la sasa. Vijana wanakesha majini na kurudi na ndoo isiyojaa, na wakikutwa na sangara wa chini ya sentimita 50 wanaingia kwenye mkono wa sheria. Kumwambia mtu mwenye uchungu kwamba samaki wamejaa ni kumdanganya, na yeye mwenyewe anajua kwamba unamdanganya. Akaulizwa sasa huyo aliyeachwa aambiwe nini. Akasema aachwe alie, apewe ugali ale, alale, na kesho aende kazini kwake kama kawaida.

Binti aliijibu maana ya Kiingereza vizuri kwenye jaribio, na nilimpa alama zake. Kwenye upande wa Kiswahili wa ubao wangu, ninachoandika sasa ni jibu la bibi yake.